Mwanzi wa Fokasi

Kitu cha kwanza alichokiona Salge ni kwamba jiwe halikubonyea.

Mawe ya sinema alikuwa ameyakata yeye mwenyewe kutoka kwenye godoro kuukuu la mama mkwe wake, akayapaka gundi na majivu, akayaanika uani mpaka yakawa na sura ya mawe ya mtoni. Alijua yanavyokaa mkononi. Ukiyafumbata, vidole vinazama. Lakini kwenye skrini ndogo iliyofungwa ubavuni mwa kamera, katika ngumi ya mtu mmoja wa safu ya mbele, vidole vilikuwa vimelala juu ya jiwe bila kuzama, na kucha zimekuwa nyeupe kwa kukazwa.

Hakusema kitu. Mkono wake ulikuwa kwenye mwanzi wa fokasi, na mshika mwanzi hasemi. Mumewe, Bajal, alimwambia hivyo tangu siku ya kwanza ya kumfundisha: "Mimi jicho, wewe mkono. Mdomo ni wa Dasmat." Salge, ambaye hata sokoni alinong'ona bei mpaka wauzaji wakamwinamia, alishukuru kupata kazi isiyotaka mdomo.

Bajal Kisku alikuwa mpiga picha wa harusi mjini Dumka, mashariki mwa India. Kamera yake ilikuwa na lenzi ya zamani isiyojua kujitafutia fokasi, na kile kifaa cha dukani cha kuizungusha, chenye gurudumu na meno, kingemgharimu bei ya jozi ya ng'ombe wa kulimia. Basi akachukua pete ya chuma ya kubania mpira wa pampu ya maji, akaivisha lenzi, chini yake akatandika kipande cha tyubu ya baiskeli isiteleze, akaikaza kwa bisibisi. Kwenye pete akafunga kijiti cha mwanzi. Ukikisukuma, aliye karibu anakuwa wazi na aliye mbali anayeyuka kama moshi. Ukikivuta, wa mbali anarudi na wa karibu anapotea. Bajal alibeba kamera kwa mikono miwili, na Salge akamfuata ubavuni kama ndama, mkono kwenye mwanzi, macho kwenye skrini.

Mwongozaji wa sinema, Dasmat Soren, alikuwa Msantali kama wao, ila alizaliwa mjini, na lugha ya kwao aliizungumza kama mtu anayetafuna wali wenye mchanga. Sinema yake ilikuwa ya kulaani jambo alilolisoma magazetini: wajane wanaoitwa wachawi na kupigwa mpaka kufa. Pesa za waigizaji hakuwa nazo. Ndipo kaka mkubwa wa Bajal, shemeji mkubwa wa Salge, aliposema waje kupigia picha kijijini kwao. Watu wapo, alisema, wakipewa bisi za mchele na mtungi wa pombe watacheza mpaka jua lizame. Mjane yupo. Mpiga ramli wa kweli naye yupo ng'ambo ya kilima, atamfuata mwenyewe kwa pikipiki.

"Wa kweli?" Dasmat alifurahi. "Kaka, hiyo ndiyo sinema. Mwigizaji wa mjini angelishika jani kama tiketi ya basi."

Mjane mwenyewe alikuwa Maino, mke wa marehemu baba mdogo wa Bajal. Mtoto hakujaliwa. Alichokuwa nacho ni shamba la mpunga chini ya bwawa, shamba lisilokauka hata kiangazi, na lilikuwa lake mpaka siku atakayoingia kaburini. Baada ya hapo lingerudi kwa wana wa kaka wa mumewe, na katika hao wa kwanza ni yule shemeji mkubwa wa Salge.

Salge alimwita Mama Mdogo. Alimpenda kwa sababu ndiye mtu pekee katika ukoo ule aliyemngoja amalize sentensi. Siku alipopelekewa habari ya sinema, Maino alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Nimekuwa mwali, nimekuwa mke, nimekuwa mjane. Sasa mchawi. Kumebaki kuwa mwanamume tu, na hilo nitalikataa, wananuka." Kisha akauliza, "Na huyo mchawi anakula nini?"

"Kuku, Mama Mdogo. Wakimaliza."

"Basi waambie mchawi amekubali."

Asubuhi ile walianza na ramli. Mpiga ramli aliketi chini katikati ya kijiji, mzee mkavu mwenye shingo ndefu, na watu wakamzunguka. Mbele yake majani mapana ya mti uitwao msali, kichupa cha mafuta ya haradali, punje za mchele. Dasmat alichuchumaa karibu naye.

"Mzee, katika hadithi yetu mchawi anaitwa Somri. Utasugua majani, utatazama, utasema 'Somri', utanyoosha kidole. Umenielewa?"

Mzee akaitika kwa kichwa.

Alipoanza kusugua, jani juu ya jani, mafuta yakimeta katikati, Salge aliusukuma mwanzi mpaka mishipa ya majani ikaonekana. Hapo ndipo alipoona kwamba mzee haigizi. Midomo yake ilikuwa ikihesabu majina ya mababu kwa taratibu yake ya siku zote. Hakuwa na haraka. Watu waliokuwa wakisukumana na kuchekana kwa sababu ya kamera waliacha kuchekana. Akafungua majani, akatazama, akayageuza, akatazama tena.

"Maino," alisema. "Mke wa marehemu Kisku mdogo. Ni Maino."

Dasmat alicheka kwa pua. "Kasahau jina, masikini. Hamna neno, sauti tutaifuta, tutabandika 'Somri' studio. Sura ilikuwa safi. Twende."

Kwake lilikuwa kosa la kutengenezwa kwa mashine. Lakini mvua za mwaka ule mwanamke mmoja aitwaye Phulo alizika watoto wawili kwa homa, na ndama walikufa katika nyumba tatu, na hakuna aliyekuwa amethubutu kwenda kuuliza kwa nini. Sasa mpiga ramli wa kweli, kwa mafuta ya kweli, amelitaja jina la kweli mchana kweupe, watu wakisikia. Phulo aliinama, akauchukua mtungi wake uliokuwa kando ya mtungi wa Maino, akausogeza mbali.

Maino alikuwa ameacha kucheka. "Mzee, jina ulilopewa ni Somri."

"Mimi sipewi jina na mtu," mzee alijibu, akijifuta mikono. Hakumtazama. "Mimi nasoma jani."

Shemeji mkubwa alikuwa amesimama nyuma yake, karibu na pikipiki. Katika watu wote, yeye peke yake hakuonyesha kushangaa.

Salge alivuta shati la mumewe. "Amemtaja."

"Ni sinema."

"Jani lilikuwa la kweli. Mafuta ya kweli."

"Na kamera ni ya kweli. Shika mwanzi."

Salge akamwendea Maino chini ya upenu, alikokuwa akipakwa masizi usoni. Akamwambia kwa sauti yake ile ya kunong'ona kwamba wangeweza kutoroka kwa njia ya bwawani, sasa hivi, wakati watu wanakunywa. Maino alimngoja amalize kama kawaida yake. "Mwanangu, nikikimbia leo watasema limemkimbiza jani. Sitapata tena pa kurudi. Acha nipigwe kwa godoro lako mbele ya kila mtu, kisha nisimame nijipanguse, nile kuku wangu. Wakiniona nimesimama, litapita."

Mara ya kwanza walimpiga kama watu wanaoogopa kumgusa. Mawe ya godoro yalimdunda begani yakaanguka. Fimbo zilikuwa mabua makavu ya juti, yanayovunjika yakigusa hata unyoya. Maino alilia, "Mimi si mchawi," kama alivyofundishwa, akaanguka vizuri, na mtoto mmoja akacheka.

"Kata." Dasmat alitupa karatasi zake chini. "Mnafukuza nzi kwenye maziwa? Huyu mwanamke kaua watoto wenu. Mnaelewa? Kaua watoto wenu, nyie mnampapasa."

Phulo alimtazama. "Nani kasema kaua?"

"Jani limesema," Dasmat alijibu, akitafuta kuwachekesha. "Si mmelisikia wenyewe?"

Hakuna aliyecheka. Shemeji mkubwa akasema yeye atagawa fimbo upya, akaingia nyuma ya ghala, na wanaume wachache wakamfuata. Walipotoka walisimama safu ya mbele. Dasmat akapaza sauti waanze. Salge akausukuma mwanzi kwa aliye karibu zaidi na lenzi, kama alivyoagizwa, na ikaja ile ngumi, na jiwe ambalo halikubonyea. Akainua macho juu ya skrini kutazama ni ya nani. Ilikuwa ya shemeji mkubwa.

Ngumi ikatoka kwenye picha. Mkono wa Salge, kwa mazoea tu, ukauvuta mwanzi kulifuata jiwe liendako, na uso wa Maino ukaja wazi, wazi kabisa, kila kunyanzi mahali pake, wakati huohuo jiwe lilipompata mdomoni.

Sauti yake ilikuwa kama kibuyu kilichokanyagwa. Maino hakuanguka. Alisimama akiwa ameshangaa, akatia vidole kinywani, akatoa jino, akalitazama. Damu ya sinema ilikuwa rangi ya kupaka miguu ya maharusi, nyekundu ya kuchekesha, inayotiririka kama maji. Hii ilikuwa nzito, na ilishuka kidevuni polepole.

"Salge," alisema, kwa mdomo uliokwisha kuharibika. "Mwanangu. Hili ni jiwe."

"Huyu bibi ni hazina," Dasmat alinong'ona juu ya bega la Salge. "Msikate. Mtu yeyote asikate."

Jiwe la pili lilimpata sikioni, na hapo akaenda magoti. Kisha wote waliingia. Mtu alimshika nywele akamburuta mpaka sari ikamtoka begani. Phulo alimpanda mgongoni akawa anampiga kichwani kwa viganja viwili, kama anayetwanga, huku akitaja majina ya watoto wake, moja kwa kila pigo. Mwanamume mmoja alimkanyaga mkono, akausikia ukivunjika, akaukanyaga tena. Mabua ya juti yaliruka hewani, na katikati ya mabua ukaonekana mpini wa shoka, mnene, mweusi kwa jasho la miaka, ukipanda.

Salge alifungua kinywa. Kilichotoka hakikufika hata sikioni mwa Bajal. Kwa hiyo alifanya alichokijua. Aliusukuma mwanzi mpaka mwisho, na Maino, na umati, na mpini, vyote vikayeyuka kuwa ukungu.

Alijua picha ikiharibika Dasmat hukata. Siku zote hukata.

"Fokasi," Dasmat alisema. "Dada, fokasi."

Aliushikilia mwanzi palepale.

"Umelala?" Bajal alifoka kwa meno yaliyofungwa, jicho kwenye kamera. "Vuta."

Ndani ya ukungu donge jeusi lilipanda, likashuka. Likapanda.

"Vuta, we mwanamke. Usikate, Bajal, wamewaka, hatutawapata hivi tena." Dasmat alimpiga Salge kichwani kwa karatasi zilizokunjwa, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akamshika kifundo cha mkono kuuvuta mwanzi kwa nguvu. Salge akang'ang'ana. Donge likashuka. Sauti ilikuwa imebadilika sasa, imekuwa na majimaji, na Maino alikuwa haiti tena jina la mtu.

Tyubu ikateleza. Pete ikaachia lenzi, ikachomoka na mwanzi wake, na Salge akajikuta ameshika kijiti chenye chuma nchani. Alikimbia nacho. Alipita chini ya mikono ya watu, akakanyaga mguu wa mtu, akamfikia mwenye mpini wakati mpini uko juu, akampiga kwa kijiti usoni kwa nguvu zote alizokuwa hajawahi kuzitumia kwa lolote. Skrubu ya pete ilimwingia chini ya sikio ikachana mpaka pembeni mwa mdomo. Shavu likafunguka kama mfuko. Akampiga tena, na mara hii kijiti kilivunjika, kwa hiyo akamsukuma kwa viganja vyake viwili, kifuani, na shemeji mkubwa akarudi nyuma, akakaa chini kwenye vumbi.

Umati ukasimama.

Damu ya Maino haikuwa imewasimamisha. Kilichowasimamisha ni viganja vile. Mke wa mdogo hamgusi kaka mkubwa wa mume. Kaka akipita, humwachia njia, kaka akiketi, yeye haketi. Hata nguo zao hazianikwi kamba moja. Na huyu amemtia mikono kifuani mbele ya kijiji kizima. Watu walimtazama kana kwamba amevua nguo. Phulo, aliye juu ya Maino, alishusha mikono.

Salge hakungoja. Alijitupa juu ya Maino, akamfunika. Mtu mmoja alimpiga fimbo mgongoni, fimbo ya kweli, na mwingine teke kwenye nyonga, lakini moto ulikuwa umeshakatika. Chini yake alisikia pumzi ya mama mdogo ikipiga povu. Ndipo Bajal alipoitupa kamera na kuja akimwita Mama Mdogo kwa kelele.

"Kata," Dasmat alisema. Hakuna aliyekuwa akimsikiliza.

Walimfikisha mjini juu ya kitanda cha kamba, ndani ya gari la kubebea matofali. Maino hakufa. Taya lilikuwa limevunjika, mkono umevunjika mara mbili, na macho yamevimba yakaziba. Daktari alimfunga uso mzima, akasema kwa muda mrefu hatasema neno, kisha akawaita polisi.

Kesho yake mchana walijazana katika chumba cha inspekta: Bajal, Dasmat, wazee wa kijiji, wanaume wa ukoo wa Kisku. Mpiga ramli alikuwa ameitwa kijiji kingine. Shemeji mkubwa alikuja na shati jeupe na bandeji shavuni, akasimama mbele, mikono nyuma.

"Ilikuwa sinema, bwana," mzee mmoja alisema. "Tuliambiwa tupige kwa hasira, tukapiga. Mwongozaji huyu hapa, muulize. Labda mawe yalichanganyika."

"Na shavu lako?" inspekta alimuuliza shemeji mkubwa.

"Mke wa mdogo wangu," shemeji mkubwa alijibu kwa upole. "Si mzima sana. Hatumlaumu." Akageuka kidogo. "Ombi letu ni moja. Mama yule hana mtoto. Sisi ndio watu wake. Hospitali ikimwachia, mtukabidhi tumrudishe nyumbani, tumtunze."

Salge, aliyesimama karibu na mlango na ushungi wake umevutwa mpaka kwenye nyusi, alilisikia neno lile la kutunza, akalikumbuka shamba la chini ya bwawa.

Inspekta alikuwa ametaka kuona picha. Kamera ilikuwa imepasuka lakini kadi yake ilisalimika, na Dasmat aliifungua kwenye kompyuta yake. Wote wakainama kutazama. Ikaja ngumi na jiwe, bila uso. Ukaja uso wa Maino na lile pigo la mdomoni, na mzee mmoja akatazama pembeni. Ikaja vurumai, ikaja ncha ya mpini. Halafu ukungu. Ukungu mrefu, mweupe, na ndani yake donge jeusi likipanda na kushuka, na sauti.

Salge aliutazama ukungu aliouumba kwa mkono wake. Katika dunia nzima hapakuwa na picha nyingine.

"Naona mawingu," inspekta alisema. "Nani alikuwa na mpini?"

"Kulikuwa na vumbi, bwana," Bajal alijibu, akizungumza na sakafu.

"Wewe?"

"Mimi majina yao siyajui," Dasmat alisema. "Nilikuwa natazama skrini."

"Wazee?"

"Tuliigiza, bwana."

Inspekta alichoka. Akavuta karatasi yake karibu, akafungua kalamu. "Ngumi haina jina. Basi ni ajali ya sinema, na mgonjwa atakabidhiwa jamaa zake."

"Mimi nilimwona."

Ilikuwa sauti ndogo sana, na inspekta ilibidi aulize nani kazungumza. Watu wakasogea, Salge akabaki peke yake mbele ya meza.

"Sema."

"Niliusogeza mwanzi, ndiyo maana hapaonekani. Lakini macho yangu hayakuwa kwenye skrini. Ni shemeji mkubwa."

"Mashemeji zako ni wangapi? Chumba kimejaa Kisku." Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. "Siwezi kuandika shemeji. Nataka jina."

Ukimya ulioingia chumbani inspekta hakuuelewa, kwa sababu hakuwa mtu wa kwao. Jina la kaka mkubwa wa mume halitoki kinywani mwa mke wa mdogo. Nyumba ikiungua yeye akiwa ndani, utapiga sufuria, utapiga yowe, jina hutalitaja. Likitajwa humtoa mtajaji: ukoo humwekea mtungi wake nje, na hakuna atakayekula alichokipika. Tangu aolewe Salge hakuwa amelisema, hata akiwa peke yake kisimani, hata moyoni.

"Usilitaje," Bajal alimwambia. Hakufoka. Alikuwa akimwomba. "Nakusihi. Ukilitaja, nitakurudisha wapi?"

Shemeji mkubwa alimtazama kwa mara ya kwanza. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa akimngoja anyamaze, kama watu wote walivyomzoea.

Salge alifikiria mkono ule ukikanyagwa mara ya pili. Alirudisha ushungi nyuma, uso wake ukawa wazi, akamwangalia mwenye kalamu.

"Surai," alisema, na sauti yake ilifika mpaka barazani. "Andika. Surai Kisku."